Somo Kuu, Somo Dogo na Ng'ombe wa Denge

Jumatatu, 10 Septemba 1984
Chuo kikuu kimenikubali! Ila kufikia Ijumaa nitaje somo kuu na somo dogo. Rimberia, mtoto wa mwalimu, amechagua uchumi. Ametangaza mpaka sokoni. Mimi falsafa. Nasikia haina maabara, na jibu lolote hupita. Shida ni mjomba Denge, ndiye atakayeuza dume nipate kwenda Nairobi. Akaniuliza falsafa inatibu nini. Nikamwambia hapana, abuya, mjomba wangu, somo kuu ni udaktari wa mifugo. Falsafa ndiyo dogo, ya kujifurahisha. Akasema sawa, ndama hufuata mama. Dume ni wangu!

Jumanne, 11 Septemba
Uongo umefika kijijini kwetu Leparua kabla sijafika nyumbani. Watu mlangoni, na mbuzi wao, wale waliobaki. Nimewaambia chuo hakijafungua.
Mama anatembea kama mke wa chifu. Tunakamua ng'ombe mmoja tu, naye si wetu. Ni dabare: Denge alituazima tunywe maziwa, ng'ombe na ndama wabaki wake. Maziwa hayo ndiyo chakula cha mtoto wa dada yangu Tiya. Ukame umemaliza kila kitu kingine.

Jumatano, 12 Septemba
Ng'ombe hasimami. Denge amekuja na kigoda chake, akaketi, akasema daktari aanze. Rimberia naye kapita "kusalimia". Nikiri mbele ya Rimberia? Kamwe! Nikamkagua ng'ombe ulimi kwa uso mzito. Nikaagiza magadi kwenye maji moto, debe zima. Tiya akasema huyo ana njaa tu, apewe maganda ya mgunga aliyookota. Nikakataza. Mgonjwa hali kitu. Tiya akaniuliza nani kasema. Nikasema sayansi.

Alhamisi, 13 Septemba
Amekufa.
Ng'ombe wa dabare akifa, lazima mwenyewe apelekewe ngozi, ajue hukumuuza. Nimeibeba kichwani, inanuka, katikati ya soko. Rimberia akauliza kwa sauti kama hicho ndicho cheti changu. Watu wakacheka. Miraa iliwatoka midomoni.
Denge akaigeuza ngozi. Kisha akasema ngozi ameipokea, sasa anangoja ya daktari. Dume hauzwi tena.

Ijumaa, 14 Septemba
Siku ya kuchagua. Mtoto wa Tiya analia, lakini sauti imekuwa ndogo. Tiya haongei nami.
Nimefikiria sana. Kosa lilikuwa somo. Ng'ombe hawasemi wanaumwa wapi, mtu atafanyaje? Baada ya sala nimetangaza nje ya msikiti: somo kuu ni udaktari wa binadamu. Denge akaondoka katikati ya sentensi. Lakini jirani yetu Habsa akanifuata mpaka nyumbani, mtoto wake anakohoa mgongoni, mkononi kikombe cha maziwa ya mbuzi ya kunilipa.
Nimeagiza magadi. Kidogo tu, maana ni mtoto.
Maziwa nimempa mtoto wa Tiya nusu. Mimi si mnyama.