Moto wa Ndani na Ekari ya Maharage

Jumatatu, 28 Oktoba 2024
Nimerudi kutoka semina Kibondo mjini. Mtu mpya! Mtoa mada kasema mwenye mafanikio hasukumwi na watu, husukumwa na moto wa ndani. Na mimi miaka kumi na miwili nasukumwa na mke wangu, Paskazia. Kumbe kosa lilikuwa hapo! Nimeandika lengo mlangoni kwa chaki: EKARI NZIMA YA MAHARAGE IFIKAPO TAREHE 10. Paskazia kasoma, kisha kauliza kama jembe langu lina mpini. Malengo kwanza.

Jumatano, 30 Oktoba
Mvua imenyesha vizuri. Kijiji chote cha Busunzu kiko shambani. Mimi nimekaa barazani nausikilizia moto. Saa mbili, kimya. Saa nne, joto kifuani! Ulikuwa uji.
Leonidasi, tunayepakana naye shamba, tayari kalima nusu ya lake. Na mguu wake mmoja ni mbovu! Anafanya makusudi. Mwaka jana maharage yalituishia mapema, tukaenda kuomba kwake. Tangu siku hiyo hunisalimia kwa sauti ya kumsalimia mgonjwa. Safari hii ataomba yeye.

Jumapili, 3 Novemba
Mbinu mpya: aibu. Ukitangaza lengo mbele za watu, huwezi kurudi nyuma. Baada ya misa nikaomba nafasi, nikatangaza ekari yangu. Makofi! Kina mama wakapiga vigelegele. Nimerudi nyumbani nimeshiba sifa, kama mtu aliyekwisha kuvuna. Nikalala mpaka alasiri.

Jumanne, 5 Novemba
Nimekwenda kumpeleleza Leonidasi. Nikamwuliza ni moto gani unaomsukuma.
"Njaa," akasema. Hata kichwa hakuinua.
Ndiyo shida ya watu wasiohudhuria semina. Nikamfafanulia kwa muda wa saa nzima, yeye analima tu. Mwishoni akanipa jembe lake, akasema basi nimwonyeshe. Nikalima hatua tatu. Lengelenge! Nikamrudishia, nikamweleza kwamba moto haulazimishwi.

Alhamisi, 7 Novemba
Asubuhi Paskazia hakunigombeza. Jambo hilo lilinitisha. Akabeba mbegu kichwani, akasimama mlangoni akisoma maandishi yangu.
"Baba Rodrigue," akasema taratibu, "watoto siwezi kuwapikia chaki."
Akaenda zake. Kitu kikanichoma hapa, chini ya mbavu. Kweli kabisa! Nikainuka, nikabeba jembe, nikaenda mbio kwa Bazilio seremala anitilie mpini. Tukaongea kidogo. Masikini, hana lengo hata moja maishani! Nikamwandalia sita. Tulipomaliza jua lilikuwa linazama, na mpini alikuwa hajauanza. Nimempa mpaka wiki ijayo. Nilipokuwa narudi nikamwona kwa mbali Paskazia bado shambani, ameinama. Nikapita njia ya nyuma.

Jumapili, 10 Novemba
Ekari imekwisha! Imelimwa, imepandwa, tena kwa mistari. Paskazia kalima siku tatu, na Leonidasi kavuka mpaka na mguu wake ule kumsaidia. Kanisani watu wamenishika mkono, wananiita mtu wa vitendo. Nilitaka kuwaeleza ukweli. Nilitaka kabisa. Lakini foleni ya kunipongeza ilikuwa ndefu, na kuikatiza ni utovu wa adabu.
Mchana nimelitafakari jambo hili kwa kina. Lengo lilikuwa la nani? Langu. Limetimia? Limetimia. Basi moto wangu ni mkali hata umewashika watu wawili, nami hata mpini bado sina! Elimu kama hii si haki kuifungia Busunzu. Kesho nakwenda Titye kufundisha. Nasikia kule kuna ekari nyingi hazijaguswa.
Nimemwambia Paskazia kwamba huenda nikakaa mwezi mzima. Amenifungashia nguo kabla sijamaliza sentensi. Hatimaye mke wangu ameanza kuniamini.