Ini la Marehemu Vanstone

Jumatatu, 17 Novemba

Mwaka wa tatu sasa tangu nitoke Newfoundland, kisiwa chetu cha wavuvi, na niliondoka kwa msimu mmoja tu. Bado niko Ontario. Bado nasukuma vitanda vya maiti kwenye chuo cha udaktari. Mgongo unauma, theluji imeanza, na leo Profesa Brandsma ametuita mimi na mbebaji mwenzangu Lloyd ofisini, akafunga mlango. Ukiona bosi anafunga mlango, jua hakuna keki.

Habari yenyewe: kuanzia Januari wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawatapasua tena maiti. Watavaa miwani. Miwani ya picha! Unaivaa, unatazama meza tupu, unaona mtu amelala pale, yu wazi kama soko, moyo unadunda. Unapunga mkono hewani, ngozi inaondoka. Unapunga tena, nyama inaondoka. Hakuna harufu, hakuna dawa ya kuhifadhia, hakuna cha kubeba. Na kama hakuna cha kubeba, wabebaji wa nini? Atabaki mmoja wetu, atunze chumba cha miwani. Mwingine anakwenda kwenye dobi la hospitali, wanakofulia mashuka, na kule mgeni hapewi likizo ya Krismasi. Profesa ataamua baada ya Ijumaa, siku ya maonyesho mbele ya wakubwa.

Nimemwahidi mke wangu Mena kwamba Krismasi hii nakuja. Nilimwahidi na ile iliyopita. Na ile ya kabla yake. Siku hizi Mena hapigi kelele kwenye simu, na hilo ndilo linalonitisha. Jana alisema nisipotokea safari hii, kiti changu mezani atampa mbwa. Hatuna mbwa. Akasema atatafuta.

Lloyd Tessier ni mtu wa kaskazini huku huku Ontario. Mrefu, mnyoofu, hajaoa, Krismasi hana pa kwenda. Nafasi hiyo ya nini kwake? Tulipotoka akanipiga bega, akasema haya Phonse, Mzee wa Samaki, Mungu ndiye atakayechagua. Nikamjibu kwamba Mungu hayumo kwenye kamati.

Lazima nimzidi akili.

Jumanne, 18 Novemba

Mpango wa kwanza: usafi. Wazazi wa Profesa walitoka Uholanzi, na hao na usafi ni chanda na pete. Niliwahi kazini kabla ya Lloyd, nikaipiga sakafu nta mpaka ungeweza kunyolea ndevu humo. Uchafu uliokuwepo! Vijikaratasi vya miraba myeusi na myeupe vimegandishwa kila mahali, mezani, sakafuni, hata ukutani. Wanafunzi hawa hawakulelewa. Nikavikwangua vyote, kimoja kimoja. Magoti yalilia.

Wanafunzi wakaingia kwa majaribio, wakavaa miwani. Kisha kelele! Kumbe miwani hutazama vile vijikaratasi ndipo ijue mahali pa kumlaza mtu. Bila vibandiko, maiti hana adabu. Mmoja alimwona ananing'inia darini. Mwingine akamkuta kwenye beseni la kunawia. Binti mmoja alipiga magoti mbele ya Lloyd akitafuta bandama mahali ambapo bandama haijawahi kuonekana tangu dunia iumbwe. Lloyd akasimama tuli, mwekundu kama nyanya, akamshauri kwa heshima zote ajaribu juu zaidi.

Profesa akauliza nani kafanya hivi. Nikasema huenda ni unyevu. Akatazama sakafu, akauona uso wake humo chini. Akauliza kama unyevu ndio uliopiga nta.

Jumatano, 19 Novemba

Vibandiko vipya vimeletwa. Profesa alitukabidhi mimi na Lloyd tuvibandike. Aliponipa vyangu alinitazama kama mtu anayemwachia fisi bucha.

Nikawaza sana. Mwenye vibandiko ndiye mwenye maiti! Basi nikampigapiga Lloyd mgongoni, kirafiki, nikamwachia vichache kwenye ovaroli. Hesabu yangu: darasa linaanza, marehemu anaondoka mezani na Lloyd, fujo, aibu, Lloyd dobini.

Hesabu ilikwenda vizuri mpaka kwenye fujo. Lloyd alipita na ndoo yake, na mapafu yakapita naye. Akainama, utumbo ukainama. Wanafunzi wakamfuata kama vifaranga. Yeye akidhani wanataka kupishwa, akawapisha, nao wakampisha, wakazunguka meza hivyo kama watu kwenye ngoma. Nikakimbia kumshtaki. Profesa akaja, akavaa miwani, akasimama mdomo wazi. Nikasubiri ngurumo.

Akasema amekuwa akilitafuta jambo hili tangu mwaka jana! Mwili unaosimama. Mwili unaotembea, ndani ya mtu aliye hai! Akamwuliza Lloyd hili ni wazo la nani. Yule bwana akajibu kwamba hajui. Profesa akasema unyenyekevu nao ni kipaji.

Ijumaa Lloyd ndiye atakayekuwa mwili wa maonyesho. Mimi nitashika makoti ya wageni.

Makoti!

Alhamisi, 20 Novemba

Niliamka na wazo. Nikamwambia Profesa kwamba kusimama ni kuzuri, lakini mgonjwa hulala, na katika jengo hili hakuna alalaye kunishinda. Tena nina kitambi, kama wagonjwa wa kweli. Lloyd ana mwili wa nguzo ya simu. Daktari atajifunza nini kwa nguzo? Profesa alikuwa amechoka. Akakubali, darasa moja tu.

Nikalala mezani, shati pembeni, vibandiko kifuani. Shida ya kwanza: picha ni ya mtu mrefu. Kibofu cha marehemu kikaishia kwenye magoti yangu. Shida ya pili: mchana nilikula supu ya njegere na nyama ya chumvi, bakuli mbili. Tumbo likaanza kuhutubia. Wanafunzi wakainama kusikiliza. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba safari hii sauti wameitengeneza vizuri ajabu, toleo la zamani lilikuwa bubu. Shida ya tatu: tangu nitoke kwetu sijawahi kulazwa mahali pa joto mchana. Usingizi ukanichukua.

Nasikia nilikoroma. Nasikia walijadiliana kama ni mkoromo wa kawaida au dalili. Mmoja akanidunga kidole ubavuni ili aone ini kwa nyuma, nikaamka na yowe, nikamwangukia. Miwani mbili zimevunjika.

Profesa amenipiga marufuku kulala katika jengo hili, iwe kwa kazi au kwa mapumziko.

Jioni Lloyd alinikatia nusu ya sandwichi yake, akasema pole kaka, nawe ulikuwa mwili mzuri. Kejeli hiyo. Sandwichi niliila, lakini bila kushukuru.

Ijumaa, 21 Novemba

Nitaandika haraka kabla sijajihurumia.

Mpango ulikuwa safi. Ovaroli ya Lloyd ilikuwa imetundikwa. Nikaipaka nta mgongoni na kifuani. Juu ya nta kibandiko hakidumu. Katikati ya maonyesho vitaanza kudondoka, marehemu ataporomoka sakafuni mbele ya mkuu wa chuo, na Lloyd atasimama pale kama kabati tupu.

Wageni wakaja. Mkuu wa chuo, mabwana wenye tai, na bibi mmoja mdogo wa kimo, kofia ya sufu kichwani. Nilipopokea koti lake akaniambia yeye ni Greta Vanstone, amekuja kumwona mumewe. Nikadhani amepotea njia ya wodi. Hapana. Mumewe Merlin, mkulima wa mahindi, alikiachia chuo mwili wake alipofariki. Wakampiga picha ndani na nje, sehemu kwa sehemu, na yule anayeonekana kwenye miwani ndiye yeye.

Hilo hakuna aliyeniambia! Siku zote hizi nikidhani ni mchoro tu.

Kwa desturi yetu hapa, kabla ya kumgusa mtu aliyeutoa mwili wake, wote husimama kimya kidogo. Tukasimama. Lloyd naye akainamisha kichwa, kana kwamba anajililia mwenyewe. Kisha bibi akavaa miwani, akamtazama Lloyd muda mrefu. Mwishowe akasema ini lina afya kuliko alivyotarajia, ukikumbuka zile bia. Watu wakacheka, wakapumua. Halafu akauliza kwa sauti ndogo kama kijana huyu anaweza kutembea kidogo, maana miaka ile ya mwisho Merlin alikuwa wa kiti cha magurudumu.

Lloyd akatembea. Polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba lake. Bibi akatembea kando yake. Akamsimulia jambo fulani kuhusu paa la ghala. Na mimi pale na makoti yangu nikaanza kumwomba Mungu, ee Baba, leo nta ishike.

Nta haikushika. Kibandiko cha kwanza kikalegea. Nikatupa makoti, nikaruka nikidake kabla bibi hajaona, nikasahau nani aliing'arisha sakafu ile. Miguu ikateleza, ikaenda zake. Vibandiko vikadondoka vyote na mimi nikavikalia.

Nikainuka. Sikuwa na miwani, kwa hiyo sikuona kitu, ila niliona kila mtu ananitazama matako. Mkuu wa chuo alikuwa amefunika mdomo. Nikapapasa, nikaelewa. Merlin Vanstone alikuwa ametoka kwa Lloyd na kuhamia nyuma yangu, kichwa chini miguu juu.

Mtu mwenye busara angesimama akavibandua. Mimi nilikimbilia chooni.

Nikasikia sauti ya bibi nyuma: wewe baba wewe, unampeleka wapi mume wangu? Na viatu, viatu vingi. Mabwana wa tai walikomea mlangoni. Bibi hakukomea. Alinikuta mbele ya kioo nimejipinda najikwangua kwa kucha. Nikafumba macho nisubiri kofi. Nikasikia kicheko. Alicheka mpaka akashika beseni. Akasema, katika maisha yake yote Merlin hakuwahi kukimbilia mahali popote isipokuwa hapa hapa, na kwamba yeye hajacheka hivi tangu mazishi.

Profesa hakucheka.

Jumatatu, 24 Novemba

Asubuhi, kabla hata sijavua buti, Lloyd akaniambia jambo. Eti leo anakwenda kumwomba Profesa chumba cha miwani nipewe mimi. Yeye hana mtu anayemsubiri Krismasi. Dobini kuna mvuke, na mvuke ni dawa ya viungo vyake. Akasema, wewe Phonse una mke kaka, nenda nyumbani.

Nikamkazia macho. Macho yake meupe, hayana doa. Ndipo nikajua ni mtego.

Hakuna binadamu anayeachia nafasi ya kudumu kwa ajili ya mvuke! Lazima amesikia kitu. Labda chumba cha miwani kinafungwa. Labda dobini kuna nyongeza. Nikamwacha anafunga kamba za viatu, nikapanda ngazi mbiombio, nikamwahi kwa Profesa. Nikamwambia sitaki chumba cha miwani. Nataka dobi. Nalitaka dobi kwa moyo wangu wote. Ni ndoto yangu tangu utotoni.

Profesa aliweka kalamu chini. Kisha akasema ajabu, kwa sababu chumba alikuwa ameshaamua kunipa mimi. Bi Vanstone alipiga simu Jumamosi, akasema yule baba wa chooni ndiye amtunze Merlin. Na Lloyd alimwomba hivyo hivyo tangu Ijumaa jioni. Leo angekuja kukumbusha tu. Yeye Profesa alikuwa amekubali huku meno yameumana. Lakini kama dobi ni ndoto yangu, yeye ni nani wa kusimama kati ya mtu na ndoto yake?

Akanishika mkono kwa furaha ambayo sijawahi kumwona nayo.

Jumanne, 25 Novemba

Dobini. Joto la jehanamu, mashuka hayaishi. Msimamizi, Bi Darlene, amenieleza kabla sijauliza: mgeni hapati likizo ya Krismasi, hata akifiwa, hata akifa yeye.

Mchana Lloyd alinifuata na sandwichi, ameshangaa, akauliza kwa nini nimefanya vile. Nikamwambia asijifanye mtoto. Sasa nimeuona mchezo wake wote: alikitaka chumba tangu mwanzo, akanizungusha kwa wema. Mtu mwema ni hatari sana. Akatikisa kichwa, akaniachia sandwichi nzima.

Lakini sijashindwa. Nimechunguza, nimegundua kwamba Bi Darlene anaogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni kunguni. Akionekana mmoja kwenye shuka, dobi zima linafungwa, linapigwa dawa, na wote tunarudishwa majumbani. Na kwenye godoro langu pale ninapopanga, kunguni si wa kutafuta. Nitamleta mmoja ndani ya kopo, katikati ya Desemba. Safari hii hakuna Lloyd, hakuna nta, hakuna mahali pa kukosea.

Nimempigia Mena nikamwambia aloweke samaki wa chumvi, nakuja. Akauliza mwaka gani. Mena na mizaha yake! Tarehe ishirini na tatu Desemba, feri ya asubuhi. Hakika kabisa.