Jinsi Himid bin Juma Alivyoitweka Bendera ya Wanorwei Huko Tooting

Jongeeni, enyi mliozaliwa penye mchanga na mliozaliwa penye theluji, wekeni chini vikombe vyenu na zimeni redio, maana habari iliyopo leo si ya wafalme waliogombea miji. Ni ya Himid bin Juma, dereva wa basi jekundu, mvuka madaraja ya Themsi, aliyeiaga Unguja mwaka mmoja baada ya Mapinduzi na tangu hapo hakukimbia tena kitu chochote ila baridi. Na ni ya dakika ishirini na tatu za asubuhi ya tarehe kumi na saba Mei, mwaka wa ishirini na nne tangu Mapinduzi hayo.

Ghorofa moja juu ya Himid aliishi Bi Solveig, bibi wa Kinorwei, mjane wa baharia Mwingereza. Siku hiyo ndiyo sikukuu ya taifa lao. Huko kwao watoto huandamana mitaani, wanawake huvaa nguo za tarizi na vifungo vya fedha, na bendera hupanda saa mbili kamili asubuhi. Dada yake, Ragnhild, huitweka yake kaskazini kabisa ya Norwei. Na Bi Solveig huitweka yake Tooting, mtaa wa London, dakika ile ile, ambayo kwa saa za huku ni saa moja. Kisha Ragnhild hupiga simu kuuliza kama imepanda. Miaka thelathini na mmoja haikukosa kupanda.

Lakini mwaka ule Bi Solveig alikuwa amevunjika nyonga, naye Ragnhild alikwisha kumwandikia kwamba siku atakayoshindwa na bendera, ajue uzee umemfika, afunge virago arudi kwao akatunzwe. Bi Solveig hakutaka kurudi. Mumewe alizikwa London, na kila Jumapili alikwenda kumsimulia ya wiki nzima. Alimweleza Himid haya ngazini, pole pole, pasi na kulia. Himid akaweka mkono kifuani, akaapa kwamba ataipandisha yeye.

"Mume wangu," akasema mkewe, Nasim, akiipiga pasi bendera ile mezani, "uliapa vivi hivi juu ya bomba la bafuni, na mpaka leo tunaoga kwa ndoo."

Shujaa alitwaa mlingoti wa mti, mrefu kama yeye, akaifunga bendera mlingotini, akaikunja kwapani isije ikagusa chini, akapanda ngazi.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na saba alisimama roshani kwa Bi Solveig, uso kwa uso na adui. Adui alikuwa tundu la chuma lililopigiliwa ukingoni mwa roshani, ambamo mlingoti hutumbukizwa. Wapaka rangi wa jengo walikuwa wamepita majira ya kipupwe wakalipaka tundu lile nje na ndani, rangi juu ya rangi, hata likaziba kama sikio la mdaiwa. Himid alilishambulia kwa bisibisi. Bisibisi ikateleza ikamkwaruza kidole. Akalirudia kwa kijiko cha Bi Solveig. Kijiko kikapinda shingo, akakificha mfukoni. Vumbi la rangi likamwagika juu ya makasha ya vitunguu ya Bharti, mwenye duka la chini, naye akatoka, akatazama juu, akauliza kwa upole ni vita gani hivyo.

Zikabaki dakika tisa. Ndani, Bi Solveig alikuwa ameketi kando ya simu, amevaa nguo yake ya tarizi, mikono mapajani. Kungoja kwake kulimchoma Himid kuliko bisibisi. Ndipo alipoona haya ya kweli, kwa kuwa alijua maana ya kuhamishwa mahali usipotaka kuhama.

Akamwita Nasim, akamhutubia toka juu ya ngazi: "Ewe binti wa watu, niletee mbuzi."

Nasim akaelewa, akapanda na mbuzi ya nazi, ile aliyoibeba toka Unguja ndani ya sanduku, na kikopo cha samli. Himid akaiinua mbuzi nzima na miguu yake, akaupenyeza ulimi wake wa chuma tunduni, akakuna. Akakuna kama anayekunia harusi ya watu mia tatu, jasho likimtiririka, huku Nasim amemshika mkanda wa suruali asije akaanguka juu ya vitunguu. Rangi ikatoka vipande vipande. Nasim akapaka samli, mlingoti ukazama, ukakazika. Upepo ukaifungua bendera, ukamvisha Himid kichwa kizima. Akajinasua, na ile nyekundu yenye msalaba wa buluu na nyeupe ikanyooka juu ya Tooting. Saa ilikuwa moja kamili.

Simu ikalia. Bi Solveig akaongea Kinorwei, akacheka, kisha akasikiliza. Alipofunika kinywa cha simu kwa kiganja, macho yake yalikuwa maji.

"Yangu imepanda," akawaambia. "Yake haijapanda. Kamba imenasa tangu alfajiri, vidole vyake havina nguvu, wala hana jirani wa kumwita. Alikuwa anaona haya kuniambia."

Akarudi kwenye simu na, ili Himid naye asikie, akasema kwa Kiingereza, "Ragnhild, basi njoo wewe huku. Huku kuna watu."

Na iandikwe katika tarehe za mataifa kwamba mwaka ule, dakika ile, kwa dada wale wawili, sikukuu ya Norwei ilianza Tooting. Na kwamba aliyeianzisha, Himid bin Juma, alipewa mkate wa maziwa na kahawa, akala amesimama, akawahi zamu yake ya basi akinuka samli.