Nyuzi Sita Zilizopimiwa Sawa

Kwako Baba Mkwe,
Seremala Mstaafu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Sisi hatujambo, isipokuwa gitaa langu. Ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya kuja mwenyewe, maana mbele yako huwa nasema "ndiyo, baba" kisha narudi nyumbani.

Utakumbuka Jumapili ile nilipokuja kwako na nyuzi mpya, nene kuliko za zamani. Hazikuingia kwenye kile kipande cha mfupa kilicho shingoni mwa gitaa, chenye vijifereji sita vya kushikia nyuzi. Ilibidi vipanuliwe kwa tupa, kila kimoja kwa unene wa uzi wake. Ndipo ukatamka: "Mimi nina watoto sita, na wote nimewapimia sawa." Vikachongwa sawa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Uzi mnene umekaa barabara, hauna neno. Uzi mwembamba unatangatanga mferejini kama mtoto aliyevalishwa koti la babake. Nikiupiga, unalia kama nzi ndani ya chupa.

2. Jumamosi tulipiga harusini. Bibi harusi anaingia tu, uzi ukachomoka. Mjomba wa bwana harusi, mtu mwema, akaja kuubana kwa kidole mpaka wimbo ukaisha. Sasa anajitambulisha kuwa mpiga gitaa wetu wa pili, na kiongozi wa bendi anasema huyo walau anajua kazi yake.

3. Nilipomweleza binti yako kwamba uzi mwembamba hutaka mfereji mwembamba, yeye, kitinda mimba wako, aliweka mwiko chini. "Kwa hiyo mdogo ndiye wa kubanwa?" Tangu hapo tunaongea mlango ukiwa katikati. Kaka yake mkubwa naye kanipigia simu kuuliza nani kasema yeye ni mnene.

4. Wale wanne wa katikati wameudhika kwa kutotajwa kabisa.

Kwa hiyo naomba mawili. Kwanza, ule unga wa mfupa aliofagia Mama urudishwe wote. Fundi magitaa anasema ukichanganywa na gundi huziba mfereji, ukachongwa upya. Pili, utamke kwa maandishi, mbele ya mashahidi, kwamba wanao hawalingani unene. Nakala sita. Hilo likiwa zito, basi shemeji zangu waje wapimwe.

Nisalimie Mama, na kila anayeuliza habari zangu bila kucheka.

Mimi mkweo mtiifu,
Mpiga gitaa (kwa sasa)

N.B. Mke wangu ameisoma barua hii, akanikumbusha kwamba tupa niliishika mimi. Wewe ulikuwa unanimulikia tochi, na yale ya watoto sita ulikuwa unamsimulia jirani dirishani. Mimi nikadhani ni vipimo. Nimekubali. Ila baba, tochi uliisogeza karibu mno. Mtu akiona vizuri namna ile, atachonga tu.