Ya Chini na ya Juu

Leonardi alipomwona Bundala akishuka kwenye lori la mpunga pale stendi ya Sumbawanga, alijua Mungu amemkumbuka. Mzee mzima ana shuka begani, fimbo mkononi, makatambuga miguuni, na anauliza kila anayepita, "Magari yanauzwa wapi?" Mtu wa namna hiyo haachwi apite hivi hivi. Leonardi alifuta vumbi la viatu vyake kwa kuvisugua nyuma ya suruali, akaingia kazini.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye unauza magari?"

"Mimi siuzi, mzee. Nawatafutia watu heri yao."

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Duka la ushirika lilikuwa limegeuka baa, na kila aliyewahi kulala mpakani Tunduma usiku mmoja alijiita mfanyabiashara. Leonardi, ambaye seminari ilimfukuza kwa kuuza divai ya misa, alijiona amezaliwa kwa ajili ya zama hizo. Alikuwa dalali wa magari, tena wa magari mawili tu, na hayo mawili yalimtosha kula vizuri.

Yalikaa uani kwake, mtaa wa Chanji, bega kwa bega. La kwanza lilikuwa saluni jeupe, pana, lenye viti vya kitambaa laini. Watu waliliita ya chini. La pili lilikuwa kigari kifupi cha kijani, kimeinuka, tairi la akiba mgongoni. Hiyo ndiyo ya juu. Ya chini ilikuwa mzoga uliopakwa rangi. Gia zake zilinyamazishwa kwa maganda ya ndizi, na kutu ilifichwa chini ya mazulia. Ya juu ilikuwa nzima kabisa. Leonardi aliuza shamba lote aliloachiwa na baba yake kule Kaengesa ili aipate, na mbali na hiyo hakuwa na kitu duniani.

Ufundi wake ulikuwa huu: mteja aliletewa zote mbili achague. Leonardi aliiponda ya juu bila huruma, akaisifia ya chini, na mteja akachagua ya chini huku akijiona mwerevu. Ikimfia njiani, Leonardi alikwenda kuinunua tena kwa bei ya chuma chakavu. Mama mmoja wa Kirando, Coleta, aliwahi kuitumia kubebea dagaa hadi ikamgomea, na harufu ile haikutoka tena. Leonardi hakuwaonea aibu watu hao. Kwake yeye mtu aliyejichagulia mwenyewe hakuwa na wa kumlaumu, na kwa imani hiyo alilala usingizi mzuri.

Bundala alifika uani na mkewe Shija, mama mrefu asiye na maneno mengi. Leonardi alianza mahubiri.

"Mzee, sikufichi. Ile ya juu ni ya vijana wahuni. Inapinduka, inakunywa mafuta, inamrusharusha mtu mzima kama gunia. Ya chini hii ni ya mtu mwenye heshima zake. Wakubwa wote wa mkoa wanapanda za chini."

Shija alichuchumaa, akachungulia uvunguni. "Tumbo liko karibu na ardhi. Mlima wa kushukia kwetu bondeni una mawe."

"Mama, mawe yataondolewa! Barabara inatengenezwa."

"Lini?"

"Imeshaahidiwa," alisema Leonardi kwa unyenyekevu. Huku akisema hivyo, alitoa leso na kuifuta ya juu kwenye kioo, kwa upole, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi. Shija aliiangalia ile leso, kisha akamwangalia mumewe.

Bundala alikohoa. "Sisi maksai hatumnunui kwa macho, baba. Tunamchukua nyumbani, analima, tunamwona. Nitaondoka na yote mawili. Nikijua lipi linanifaa nalipia, lingine narudisha."

Leonardi alitaka kucheka, lakini mzee aliendelea, "Nawe nitakuachia ng'ombe."

Ng'ombe wenyewe walikuwa pembezoni mwa mji, kwenye boma la kaka yake Shija. Leonardi alipowaona alishikwa na kizunguzungu. Walikuwa wanono, nundu zimelala upande kwa mafuta, na kundi lilijaza zizi. Magari yote mawili, pamoja na Leonardi mwenyewe, yasingefika nusu ya thamani yao. Mshamba huyu, aliwaza, akichelewa kurudi hata kidogo, ng'ombe wako mnadani na mimi niko Dar.

Bundala aliwaita wanaume wa boma wasimame, akasema kwa sauti, "Ng'ombe hawa nakuachia wewe. Maziwa ni yako, samadi ni yako."

"Amina," alijibu Leonardi, akidhani ni porojo za wachungaji, na akawapa vijana wa boma waliojua kuendesha funguo zote mbili huku akijitia uso wa huzuni.

Hakusubiri mzee achelewe. Mnada ulipofika, aliwaswaga mwenyewe, viatu vyake vilivyochongoka vikizama kwenye mavi. Mchinjaji mmoja alikuwa ameshaanza kutoa bunda la noti mfukoni pale wanaume wenye pinde na mishale walipowazunguka. Walikuwa sungusungu, walinzi wa jadi, na mkubwa wao, Yonas, alikuwa akishika masikio ya ng'ombe mmoja mmoja.

"Huyu mwenye alama mbili ni wangu. Huyu ni wa shemeji yangu. Yule ni wa mjane Rahel. Nani amekupa?"

"Bundala amenilipa, ndugu yangu. Biashara halali."

"Amekulipa, au amekuachia?"

Leonardi aliwaona wale wanaume wa boma, mashahidi wa neno lile, wamesimama nyuma ya Yonas.

"Kwetu ng'ombe wanakaa kwa watu," alisema Yonas taratibu. "Mimi namwachia Bundala, Bundala anakuachia wewe. Unayeachiwa unakunywa maziwa, unalimia samadi. Mnyama ana mwenyewe. Anayemuuza ni mwizi, na mwizi wa ng'ombe unajua tunavyomfanya."

Leonardi hakujua, ila aliziona pinde.

Walimrudisha bomani, Bundala akaitwa. Alikuja amepanda ya juu na Shija pembeni, ikiikokota ya chini kwa kamba ya katani. Wazee walinong'ona, kisha Yonas akatoa hukumu: kwa kuwa ng'ombe wote wamepatikana, faini iwe gari moja.

Leonardi aliyageukia magari. Ya juu! Shamba lote la baba yake liko mle!

"Wewe ndiye mjuzi," alisema Yonas. "Tuambie kweli, lipi ni zuri?"

Hapo ndipo Leonardi alipoona mlango wa kutokea. Akasimama wima, sauti ikarudi. "Wazee, naapa kwa Bikira Maria na watakatifu wote, zuri ni hili la chini! Limeishiwa betri tu. La juu ni takataka, hata bure nisingempa adui yangu."

"Umeapa?"

"Nimeapa!"

Yonas alimgeukia Shija, na Shija akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Basi tumwonee huruma, wazee wangu. Ni kijana, kosa ni moja. Tusimnyang'anye kilicho kizuri. Abaki nalo hilo la chini. Sisi tutavumilia takataka."

Wazee wote waliguna kukubali. Kwa Leonardi, kusema kwamba amedanganya ilikuwa kukiri wizi wa pili mbele ya pinde zile zile, tena juu ya kiapo. Machozi yalimtoka, na wazee wakadhani ni ya shukrani.

"Asanteni, wazee," alisema.

Bundala alimpa mkono na kumfungulia mlango wa ya chini. Leonardi aliingia, akazungusha ufunguo, gari likanyamaza. Vijana wa sungusungu waliweka pinde chini, wakamsukuma kwa adabu mpaka barabarani, wakamtakia safari njema.