Kurasa Zilizokufa na Picha Yangu

Jumatatu, 3 Juni 2024
Tovuti yetu ya matangazo inahamia anwani mpya. Kazi nimepewa mimi! Mji wetu mzima wa Baraka hutafuta humo vilio vya misiba, ndoa na bei ya ndagala, dagaa wa ziwani, na Google hututanguliza mbele ya wote. Mama Anastasie, mwenye tovuti, ameonya: tukishuka Google, kazi anapewa Déogratias, mwenzangu ofisini. Déogratias! Mtu anayepiga pasi hata soksi.

Jumanne, 4 Juni
Nimefuta matangazo ya zamani, vilio na ndoa. Nani husoma kilio cha mwaka jana? Lakini Google bado inazikumbuka kurasa hizo, na anayebofya anakuta patupu. Déogratias akaleta ualimu bila kuombwa. Eti ukurasa uliohama uelekezwe kwa mwenzake mpya. Uliofutwa kabisa, Google iambiwe wazi kwamba umekwisha.

"Patrice, ukurasa yenye imekufa, sema imekufa," akaniambia. "Usidanganye batu."

Nikamshukuru kwa adabu. Ana wivu huyu.

Jumatano, 5 Juni
Akili ni mali. Wageni wapotee bure kwa nini? Kurasa zote zilizofutwa nimezielekeza kwenye ukurasa mmoja. Wangu! Picha kubwa, nyeusi na nyeupe, kwa heshima. Chini yake: "Patrice, aliyewatumikia watu wote." Nimebofya mwenyewe mara nyingi. Napendeza.

Alhamisi, 6 Juni
Wageni wamefurika. Kutoka Misisi, Makobola, hata Minembwe kwenye ng'ombe! Sokoni mama mmoja aliponiona akaangusha beseni la ndagala, akapiga ishara ya msalaba. Umaarufu una uzito wake.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa. Asubuhi pikipiki ikasimama mlangoni. Shangazi Pulchérie, kutoka Misisi, matope hadi magotini, gunia la unga wa mihogo mgongoni, analia jina langu. Kumbe huko mtu alitafuta kilio cha hapa Baraka, akabofya tangazo, akakuta sura yangu. Habari ikaenea. Nyuma yake kwaya nzima, na wanaume wamebeba turubai.

Nikamsalimia. Alinitazama kama mtu aliyetapeliwa.

"Nimelia kutoka Misisi mupaka huku, na we uko muzima," akasema. "Batu nitabaambia nini?"

Nikaomba radhi kwa kuwa hai.

Jumamosi, 8 Juni
Unga wa kilio kwetu haurudi nyumbani, ni mkosi. Basi ukapikwa kwangu, ukaliwa kwangu. Sombe, yaani kisamvu, na ndagala? Gharama juu ya marehemu. Kwaya ikaimba nyimbo zote ilizofanyia mazoezi. Nilikaa kwenye jua, kwa sababu chini ya turubai palijaa.

Mama Anastasie alikula kwanza, akanawa, ndipo akasema. Watu wanafungua tovuti, wanaona sura yangu, wanakimbia. Tumeshuka hadi ukurasa wa pili wa Google, ambako hakuna anayefika. Kesho kutwa nimkabidhi Déogratias nywila. Niliumia, sifichi. Déogratias akaomba sombe tena.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada nimetafakari. Kosa halikuwa mpango. Kosa lilikuwa vilio! Déogratias, kwa nywila ya Mama Anastasie, ameshaiambia Google kwamba kurasa za vilio zimekwisha. Sawa, zipumzike. Za ndoa hajazigusa, na nywila ninayo hadi kesho.

Nimezielekeza zote kwenye ukurasa wangu mwingine, picha mpya, ya rangi, natabasamu. Bibi harusi atapatikana tu. Kwa kilio watu walileta unga. Kwa harusi hawawezi kuja bila mbuzi.