Mwidani na Maski Ijitiayo Giza

Mjerumani alitoka kivulini mwa hoteli pale Shelly Beach akiwa amevaa miwani nyeupe kama maji ya mtungi. Akatembea juani hatua chache, akasimama kutazama bahari, na alipofika kwenye jiwe alilokalia Mwidani miwani ilikuwa nyeusi tititi. Hakuivua. Hakuigusa. Ilijigeuza yenyewe.

Mtu mwingine angesema "Subhanallah" akaendelea na shughuli zake. Mwidani alisema "Subhanallah" akaanza kupiga hesabu.

Sisi watu wa Likoni hupenda kujisifu kwamba ujanja ulizaliwa kwetu, ndipo ukapanda feri kwenda kuwatafuta wateja mjini. Lakini ungemwona Mwidani asubuhi ile ya Jumanne mwaka wa tisini na moja, umri miaka thelathini na sita, mkononi mkufu wa meno ya papa yaliyong'olewa mdomoni mwa mbuzi, ungedhani ujanja huo ulivuka na haukurudi.

Wakati ule alikuwa na shida moja, nayo ilikuwa cherehani. Cherehani yenyewe haikuwa yake, ilikuwa ya mkewe, Dhahabu, aliyekwenda Msambweni kumwangalia dada yake aliyejifungua. Angerudi Ijumaa. Vumbi la basi lake halijatulia, Mwidani alikuwa ameshaibeba begani mpaka kwa Bi Barke, mama aliyefanya biashara ya vitu vinavyoshuka melini bila kuaga, akabadilishana naye kwa maski sita za kuchomelea vyuma, mpya, kila moja ndani ya boksi lake.

"Hiyo cherehani nitakuwekea mpaka Alhamisi magharibi," alisema Bi Barke. "Ukija na elfu nne, yako. Ijumaa akija mwenye haja nayo, nitamfungia kamba mwenyewe aibebe."

Mwidani aliona hizo ni siku nyingi mno. Kumbe mafundi wa Changamwe walikuwa na tabia mbaya: walizitazama maski, wakazipima uzito, wakamtajia bei ya haki. Shilingi mia nane moja. Bei ya haki ilimchoma Mwidani kama tusi la mama. Angeuza zote angepata cherehani na nauli ya kurudi na samaki wa kupaka wa kukatia hamu, lakini kuuza kitu kizuri kwa bei yake kulikuwa hakujawahi kumpitia akilini, na haikuwa siku ya kuanza.

Tena alikuwa amesikia mambo mawili. La kwanza, baharia mmoja alimwambia kwamba huko Ulaya kuna maski ambayo kioo chake ni cheupe, lakini cheche ikiruka tu kinajitia giza kabla hujapepesa jicho. Fundi haiinui wala haishushi. La pili, pale Changamwe palikuwa na mwenye karakana aitwaye Mohdhar, aliyepata kazi ya vyuma vya madirisha ya nyumba mpya za Kiembeni, na aliyekuwa akilalamika kila alipokaa: "Fundi wangu Gona ashusha maski, achomelea, ainua maski, atazama, ashusha tena. Kutwa nzima atikisa kichwa. Mimi simlipi mjusi!"

Maski Mwidani alikuwa nazo. Kilichokosekana ni hilo giza la kujitia lenyewe, na ndilo hilo limesimama mbele yake limevaliwa na Mjerumani.

Jinsi walivyosikilizana hakuna ajuaye, kwa sababu Mwidani hakujua Kijerumani na Mjerumani hakujua mbuzi. Lakini baada ya robo saa, mkufu ulikuwa shingoni mwa mgeni, na miwani yake ya akiba, iliyotoka mkobani, ilikuwa mfukoni mwa Mwidani.

Jumatano alishinda ndani. Alitoa kioo cheusi cha maski moja, akabandika vioo viwili vya Mjerumani kwa gundi, akaziba nafasi zilizobaki kwa utepe mweusi. Ilipokamilika ilifanana na bundi aliyepewa cheo. Zile tano nyingine aliziacha ndani ya maboksi yake, na vioo vyake vya kawaida. Mohdhar atakapoyafungua, Mwidani atakuwa ng'ambo anakula samaki.

Alhamisi saa tatu na nusu akaingia karakanani.

"Salaam aleikum, Bwana Mohdhar."

"Aleikum salaam. Kama wauza, sinunui. Kama watoa sadaka, karibu ukae."

Mwidani akakaa. "Siuzi. Nimekuja kukuonya."

"Kunionya mimi?"

"Zimeingia maski za kujitia giza. Nzuri na mbovu zimechanganyika humo humo. Asiyejua kuchagua atauziwa takataka. Nimeona wanaume wazima wakilia, wallahi, nikasema Bwana Mohdhar asilizwe."

Mohdhar, mzee mnene mwenye macho madogo yaliyotulia, alimtazama kwa huruma kubwa. "Na wewe wajua kuchagua?"

"Nimechomelea melini na Wajerumani miaka sita."

Ukweli ni kwamba alisomea kazi hiyo miezi minne ujanani, akaacha kwa sababu ya joto. Lakini tusimvunjie heshima mapema.

"Haya, nichagulie," alisema Mohdhar.

"Sharti la kwanza: usimsikilize muuzaji. Isikilize maski." Akaitoa ile ya bundi. "Gona, ndugu yangu, vaa. Waona nini?"

Gona, fundi mwembamba ambaye maski yake mwenyewe ilikuwa na ufa uliozibwa kwa sabuni, akaivaa. "Namwona Jumwa pale na birika lake."

"Mweupe au mweusi?"

"Wewe!" akafoka Jumwa muuza chai. "Usinitie katika biashara zenu."

"Sasa toka juani."

Gona akatoka. Wote wakasubiri. Nzi akatua juu ya birika, akaondoka.

"Mbona yachelewa?" akauliza Mohdhar.

"Imeona wageni. Yaona haya."

Taratibu, vioo vikaanza kuiva, vikawa kahawia, vikawa vyeusi. Gona akapiga mluzi. Mohdhar akainuka kitini, jambo ambalo, kwa ushahidi wa waliokuwapo, lilikuwa halijatokea tangu Ramadhani.

"Betri yatia ngapi?"

"Betri ni jua lenyewe. Umepata kuliona jua limekwisha moto?"

"Na fundi akiwa na kichwa kikubwa?"

"Huu mkanda wakazwa na kulegezwa. Mkanda usiolegea, bwana, usinunue hata kwa bure. Fundi akibanwa kichwa huwaza kuongezwa mshahara."

"Hilo kweli," alisema Mohdhar kwa uchungu. "Kiasi gani?"

"Kwa mwingine elfu tatu. Kwako elfu mbili moja. Nazo ziko sita tu."

Mohdhar hakubisha. Ndipo Mwidani alipopaswa kuogopa, maana mtu asiyebisha bei Mombasa ama ni mgonjwa ama ana lake. Mzee alitoa bahasha, akahesabu noti za elfu kumi na mbili juu ya kiti, akazirudisha, akaifunika bahasha kwa kofia yake ya kiua.

"Zote sita nachukua. Ila hapa kwangu pana ada. Auzaye huonja kwanza. Hata Jumwa hunywa kikombe kimoja mbele yangu kabla sijanunua."

"Tangu mwaka juzi nanywa," alisema Jumwa, akacheka kicheko ambacho mtu mwenye masikio angekisikiliza.

"Kuna madirisha sita ya vyoo vya Kiembeni. Gona ameshakata vyuma, ameshavipanga. Wewe unganisha tu. Ukiyamaliza pasi na kuinua maski hata mara moja, bahasha yako."

Mwidani akaitazama kofia. Chini yake ilikuwako cherehani, na miaka kumi na moja ya ndoa, na elfu nane za ziada. Saa ilikuwa nne.

"Nitumie mpya ya boksini?"

"La. Hiyo hiyo uliyonichagulia."

Kule chini ya paa hakukuwa na jua. Vioo vya Mjerumani vilikuwa vyeupe pe. Mwidani akashika kijiti cha kuchomelea, akainama, akafanya yale ambayo mafundi wote wa vichochoroni hufanya maski ikikosekana: akafumba macho. Umeme ukalia, cheche zikaruka. Akahisi kazi inakwenda vizuri ajabu.

"Fundi," akaita Gona.

"Naam."

"Dirisha umelichomelea mezani."

Mwidani akafumbua jicho moja. Kweli, dirisha na meza ya chuma vilikuwa kitu kimoja. "Ndivyo wafanyavyo Wajerumani. Chuma kwanza kitulie."

"Hiki kitatulia mpaka Kiyama."

"Mwache," alisema Mohdhar kutoka kitini. "Wataalamu wana njia zao."

Ikabidi afumbue macho. Dirisha la pili lilikuwa kama kutazama jua ambalo limekuja kukutazama karibu. Akajikaza. Kila alipotaka kupumzika aliikumbuka kofia. Dirisha la tatu, gundi ikaanza kuyeyuka kwa joto, na kioo cha kushoto kikachomoka, kikateleza shavuni, kikaingia ndani ya shati. Angepiga kelele angesema nini? Akaendelea. Dirisha la tano kioo cha kulia kikafuata mwenzake, ila hicho kikadondoka sakafuni kikabiringika. Tangu hapo Mwidani alikuwa amevaa sanduku lenye tundu mbili.

"Waonaje?" akauliza Mohdhar.

"Naona mno!" akajibu Mwidani, machozi yakimtiririka, na hilo ndilo neno la kweli pekee alilolitamka siku ile.

Adhana ya alasiri ilimkuta akimaliza la sita. Alivua maski akiwa ameelekea ukutani. Macho yalikuwa mekundu kama nyanya zilizoiva.

"Wewe walia?" akauliza Gona.

"Ni furaha."

Mohdhar akayapitia madirisha, akagonga kila moja kwa nyundo. "Kazi mbaya, lakini si mbaya kupita choo." Akarudi kitini, akachukua kofia, akaivaa. Akachukua bahasha, akaitia mfukoni. Mfukoni mwake.

"Bwana Mohdhar. Maski zako hizi."

"Maski za nini?"

"Za madirisha ya Kiembeni!"

"Madirisha yamekwisha, yakhe. Haya sita ndiyo yaliyokuwa yamebaki. Sasa maski nizifanyie nini?"

Kisha Jumwa akaweka birika chini kwa sababu lilikuwa likitikisika kwa kicheko chake.

"Usijione mnyonge, kaka," alimwambia. "Wewe ni wa nane. Aliyekuja kuuza mashine ya kusagia vyuma alisaga mageti manne. Wa rangi alipaka nyumba mbili. Mmoja alileta toroli, akahamishwa mchanga kutwa. Mimi hii chai nimeonja mpaka nimenenepa, na kikombe cha kununua sijakiona."

"Nitakwenda polisi!" Mwidani akapiga ukelele.

"Tutafuatana," alisema Mohdhar, akiinama kuokota kitu sakafuni. Kilikuwa kioo cha mviringo, na kwa kuwa mlangoni palikuwa na jua kidogo, kilianza kuiva mkononi mwake. "Utawaeleza hiki ni cha nani. Ila kabla hatujaondoka, kuna jambo la meza yangu. Meza ya chuma, imara, sasa imeota dirisha la choo. Nani atanilipa?"

Mwidani alikwenda kulivuta dirisha kwa mikono miwili. Meza ikasogea nalo.

"Maboksi yale matano yatatosha," alisema Mohdhar. "Mimi si mtu wa kukazia watu."

Gona alikuwa ameshafungua moja. Akaivaa, akatikisa kichwa, maski ikashuka. Akapiga cheche ya kujaribia, akaitazama. "Tajiri, hizi kweli hasa! Kioo chake cheusi sawasawa." Akamgeukia Mwidani kwa mshangao usio na ubaya wowote. "Ndugu yangu, ungeziuza hivi hivi zilivyo, hapa Changamwe mtaa mmoja ungezimaliza kabla ya adhuhuri. Kwani nani alikuzuia?"

Swali hilo Mwidani alivuka nalo feri.

Kufikia Ijumaa asubuhi macho yalikuwa yamefura, yamejaa kitu kama mchanga wa Shelly Beach wote. Jirani alimfunga kitambaa chenye majani ya chai, akamlaza chali. Kwa hiyo Dhahabu alipoingia saa sita mchana Mwidani hakumwona. Alisikia kikapu kikitua. Alisikia nyayo zikielekea pembeni, pale dirishani ilipokaa cherehani.

"Mume wangu."

"Naam."

"Cherehani iko wapi?"

Siku zote Mwidani alikata uongo wake kwa kumtazama Dhahabu usoni, kama fundi akatavyo kanzu kwa kumtazama mtu mabega. Leo hakuona hata kivuli chake. Hakuwa na kipimo. Akabaki na njia moja tu, ambayo hakuwa ameipita kwa miaka, na akaipita akijikwaa: akamwambia kila kitu. Bi Barke na maski. Mjerumani na meno ya mbuzi. Bundi. Kofia juu ya bahasha. Vyoo vya Kiembeni. Meza iliyoota dirisha. Alipofika kwa kioo kilichoteleza ndani ya shati, akalia chini ya majani ya chai.

"Umemaliza?" akauliza Dhahabu.

"Nimemaliza, mke wangu. Wallahi hivyo ndivyo."

"Mwidani, miaka kumi na moja wanidanganya. Nimekuvumilia, kwa sababu kila ukinidanganya nilikuwa naona umejitahidi. Umekaa, umefikiri, umeniona mimi ni mtu wa kutungiwa kitu. Leo natoka Msambweni na uchovu wangu, wanipa miwani ya Mjerumani? Wanipa meno ya mbuzi?" "Hata kujitahidi hukujitahidi."

"Dhahabu..."

"Sitaki. Niheshimu japo leo. Niambie ukweli."

Mwidani akaweka mikono kifuani. Nje mtoto alikuwa akiendesha ringi. Akavuta pumzi.

"Waliingia watatu," alisema polepole. "Mmoja alikuwa na panga. Wakanipulizia kitu cha moto machoni, mimi nimeikumbatia cherehani, sitaki kuiacha..."

Dhahabu akavuta kigoda mpaka kando ya kitanda, akakaa, akamshika mkono.

"Enhe," akasema.